Mkwe Aliyebaki Nyololo

Wanangu wanaipenda sana ile picha niliyopiga na baba yao studio, Dar es Salaam, enzi za Mwingereza. Baba yao kasimama anacheka na meno yote nje. Mimi nimekaa kitini nimenuna kama niliyepelekwa kwa nguvu. Wakiniuliza, "Mama, ulinuna nini siku ya raha kama hiyo?" nawaambia viatu vilinibana. Picha imekatwa magotini, kwa hiyo hakuna wa kunisuta.

Leo nasema. Nimezeeka, na mwenye haki ya kunikasirikia ameshatangulia.

Tulikuwa na miaka sita ya ndoa. Mume wangu alikuwa karani wa ghala la kahawa pale Mbeya mjini. Siku moja akarudi kazini kifua mbele: amepewa likizo, na tunakwenda Dar es Salaam kutembea. Majirani walitushangaa. Wakati ule mtu hakusafiri bure. Ulikwenda msibani, au kuuguza, au kutafuta kazi. "Mnakwenda kwa nani?" Hatuendi kwa mtu. "Nani anaumwa?" Hakuna anayeumwa, tunakwenda kuona bahari! Jirani yangu mmoja, Msafwa mwenye mdomo kuliko mimi, akasema, "Haya, mkimaliza kuyaona hayo maji mrudi, na huku yapo." Nilicheka. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu.

Habari ikamfikia baba mkwe, huko Rungwe. Yule mzee alikuwa na kiu ya bahari tangu ujanani. Katika vita vya Mjerumani alichukuliwa kubeba mizigo, akatembea miezi na miezi, mpaka wakaambiwa bahari iko mbele, siku mbili tu. Kesho yake wakageuzwa kurudi bara. Mguu wake wa kushoto uliharibikia huko huko, na tangu hapo akawa anauburuta. Wenzake wawili watatu waliofika pwani walikuwa wakimtania kwenye pombe kila mwaka: wewe bahari umeisikia harufu tu. Basi akatuma neno kwa mwanawe: safari hii na mimi nimo.

Mume wangu alifurahi. Mimi nilikaa chini.

Sisi Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mume wake. Haingii nyumba aliyomo, hasemi naye, jina lake halitamki. Akikutana naye njiani anaacha njia, anaingia migombani, anajifunika nguo mpaka mzee apite. Wakristo wengi walikwishaanza kulegeza, na mke wa mwinjilisti wetu alikuwa akimsalimu mkwewe waziwazi. Mimi sikulegeza. Na nilijivunia, siwafichi! Mama mkwe alikuwa akinisifu mbele ya wake wenza wake kwamba hakuna mkwe anayejua kustahi kama mimi. Sifa ile niliila kama asali.

Asiyejua hudhani kumkwepa mtu ni kutomjua. Thubutu! Uso wa yule mzee sikuwahi kuuona, lakini kikohozi chake nilikijua, na mgongo wake, na fimbo yake, na ule mguu unavyofuta mavumbi. Lazima ujue anakotokea ndipo uweze kumkimbia.

"Nitakaa wapi ndani ya basi?" nikamuuliza mume wangu.

"Wewe utakaa benchi la mbele, nyuma ya dereva. Baba atakaa la mwisho kabisa. Mimi nitakaa katikati niwe ukuta."

Alisema hivyo akicheka, na ndivyo ilivyokuwa. Mzee alitangulia kupanda na kukaa nyuma. Mimi nikaletwa baadaye, nikapanda kwa mlango wa mbele, khanga kichwani, macho miguuni. Tuliondoka Mbeya asubuhi, tukapita Usangu, tukapanda milima. Njia nzima nilisikia kikohozi kile nyuma yangu, na sauti yake akiwauliza abiria wengine kama ni kweli maji ya bahari yana chumvi au ni uongo wa watu wa pwani. Watu wakacheka naye. Nami nilicheka, ndani ya khanga.

Nyololo tulisimama. Mnaijua baridi ya Mufindi: ukungu ulikuwa umelala barabarani na manyunyu yameanza. Watu wakashuka kujisaidia, wengine kununua viazi vya kuchoma. Mimi sikushuka. Mume wangu alishuka, akarudi na viazi, akanipa kimoja, akaenda kukaa na mfanyabiashara mmoja wa Iringa aliyekuwa akibishana naye tangu Chimala. Utingo akapiga bati, akauliza, "Wote wamo?" Watu wakajibu, "Wamo!" Basi likaanza kuondoka.

Hapo ndipo nilipotazama nje.

Kule kwenye miti alikuwa anatoka mtu. Alikuwa na shati tu, hana koti, na alikuwa ameinua fimbo. Anakimbia, kama kule kunaitwa kukimbia, na mguu wa kushoto unabaki nyuma.

Sikufikiri. Mkono wenyewe ulivuta khanga ukanifunika uso, kama ulivyozoea miaka sita. Nikainama. Nikahesabu moyoni, sasa atagonga, sasa dereva atamwona kwenye kioo, sasa mtu atapiga kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Basi likashika mwendo.

Nilipofunua uso tulikuwa tumeshakata kona. Nikajiambia huenda si yeye. Wazee wenye fimbo wako wengi dunia hii. Ili niwe na hakika ningelazimika kumtazama, na mimi sikumtazama, si ndivyo? Nikajiambia mume wangu yuko huko katikati, yeye ndiye ukuta, angeona. Kumbe mume wangu alikuwa ameshageuka mara mbili kutazama, na mara zote mbili aliona lile koti zito la mzee limefunika mfuko wake, kofia juu yake, akadhani baba amejikunyata amelala. Akamwacha apumzike.

Nikatega sikio nisikie kikohozi. Sikukisikia. Nikatega tena.

Hapo ningeweza kusema. Ningesema tu, "Baba wa nyumbani, hebu mwangalie mzee." Maneno sita! Nisingevunja mila yoyote kwa kusema hivyo. Lakini nilichelewa kidogo, na nilipochelewa kidogo nikaogopa kuulizwa kwa nini sikusema mapema, na kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kuchelewa. Tulipofika Ifunda akashuka mama mmoja na kuku wake. Nikasema moyoni, nitasema hapa. Sikusema. Kiazi kilikuwa bado mkononi mwangu, kimepoa. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema. Na anayejificha nyuma ya mila je, huyo mnamwitaje?

Iringa, mume wangu alikwenda nyuma kumwamsha baba yake. Nilimsikia akiita, "Baba, tumefika," kwa upole. Akaita tena. Halafu nikasikia koti likianguka chini.

Sitaki kueleza alivyolia. Mwanaume mzima, karani wa suti, kalia stendi mbele za watu. Baadaye, tulipofika kwa mwenyeji wetu, muumini mwenzetu, akanigeukia. "Wewe ulikuwa dirishani. Hukumwona akishuka?"

Nikamjibu, "Nitamwonaje, mimi nisiyeruhusiwa kumtazama?"

Akanishika bega. "Kweli, mke wangu. Nisamehe." Yeye ndiye aliyeniomba msamaha!

Kesho yake alfajiri alidandia lori kurudi Nyololo. Alirudi siku ya pili akiwa ametulia kidogo. Mzee alikuwa amekaa mvuani mpaka jioni akidhani basi litamrudia, ndipo mama mmoja wa Kibena akamchukua kwake, akampa moto na uji. Kifua kilikuwa kimeshambana. Mume wangu alitaka tuvunje safari sote, lakini mzee alikataa katakata. Alisema, "Mimi nimeshaiona Nyololo, inanitosha. Nendeni mkaone bahari, mje mnisimulie." Akapandishwa basi la kurudi Mbeya pamoja na mtu wa kwao.

Basi tukaenda. Dodoma kwa basi, halafu treni usiku kucha na mchana. Dar es Salaam tulikaa siku tisa, na mume wangu alinitembeza kila mahali: sanamu ya askari, soko la Kariakoo, maduka ya Wahindi yenye vitambaa mpaka darini, bandarini tukatazama meli zinavyoinua magari kama mtoto anavyoinua kikombe. Joto lilinitoa jasho mpaka kwenye kope. Watu wa pale wakacheka Kiswahili changu, nikawajibu, wakacheka zaidi. Ningekuwa na moyo mweupe ningekumbuka siku zile kwa raha.

Siku ya bahari yenyewe mume wangu alikunja suruali, akaingia majini, akapiga kelele kama mtoto. "Njoo! Njoo uonje!" Nikaingia. Nikachota kwa kiganja, nikaonja. Chumvi. Nikawaza, alitaka kujua hili tu. Nikalia palepale. Mume wangu akadhani chumvi imeniingia machoni, akanifuta kwa leso yake. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikamtazama alivyolowa, alivyofurahi. Nikaufunga.

Tuliporudi tulikwenda moja kwa moja Rungwe. Mzee alikuwa kitandani, na kile kikohozi nilichokijua kilikuwa kimegeuka kuwa kingine kabisa. Mume wangu akaingia ndani kumsimulia. Mimi nikakaa uani na mama mkwe, nikimsaidia kumenya ndizi, mgongo nimeuelekeza nyumba.

Mume wangu hesabu alizijua, lakini kusimulia, masikini, hakujaliwa. Tulimsikia kupitia ukuta wa mianzi. "Ni maji mengi, baba. Mengi sana."

"Hata mtoni Kiwira kuna maji mengi," mzee akasema, akacheka, akakohoa. Kisha akasema, "Mwambieni yule anayejua kusema akae hapo ukutani anisimulie."

Nikaganda na kisu mkononi. Mama mkwe akanisukuma. "Nenda. Kakuita mwenyewe. Hutamwona."

Nikakaa chini nje ya ukuta, mgongo kwenye mianzi. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikasema na baba wa mume wangu. Nilimsimulia jinsi maji yanavyokuja na kurudi bila kuchoka, jinsi ng'ambo yake isivyoonekana hata ukipanda juu, jinsi rangi inavyobadilika kila wingu linapopita. Nilimsimulia meli. Nilisema kila kitu, sikubakiza.

"Na chumvi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa karibu kabisa na kisogo changu.

"Ni kweli, baba. Niliionja."

"Ahaa." Akakohoa kidogo. "Mwanangu, siku ile Nyololo nilikuona."

Nikavuta khanga usoni.

"Nilikuwa nimeinua fimbo, basi linaondoka, nikakuona dirishani. Ukanitupia jicho, ukavuta nguo ukajifunika. Nikasema, huyu ndiye mkwe. Ugenini, kati ya watu wasiomjua, bado amenistahi. Nilikaa kwenye mvua ile sina hasira hata kidogo. Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana."

Mama mkwe alikuwa amenifuata, anatikisa kichwa kwa furaha, machozi yanamtoka. "Itikia," akaninong'oneza. "Mzee amekushukuru, itikia."

"Ndaga, baba," nikasema.

Ndani nikasikia kigoda cha mume wangu kikisogea. Alikuwa humo muda wote, kando ya kitanda. Akatoka, akasimama mbele yangu. Nilimwangalia viatu, halafu nikajilazimisha kumwangalia usoni. Alikuwa ameelewa. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia maji ya mzee yameisha, nikachote mengine.

Mzee tulimzika juma lile lile. Nilingoja mume wangu aniulize. Nilingoja matanga yaishe, nikangoja turudi Mbeya, nikangoja mtoto wa kwanza azaliwe. Tuliishi pamoja miaka thelathini na minne zaidi, hakuwahi kunipiga wala kunitukana, na hakuniuliza.