Shikamoo Ndani ya Mtihani

Mtihani wa sayansi wa darasa la sita tuliutunga walimu wawili, mimi wa Endasak na Mwalimu Bura wa Maretadu, kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni, kila mtu na simu yake.

Nilipoufungua nilimkuta mzee Bura anaandika maswali ya kweli au si kweli. Mimi nimelelewa, siwezi kumkuta mkubwa nikaanza kazi bila salamu. Nikaandika hapohapo chini ya swali la tano, "Shikamoo mwalimu." Akajibu, "Marahaba. Mkuu wenu naye anasaidia?" Na mimi na kiherehere changu, "Mkuu wetu hajui hata kuwasha kompyuta."

Kila mstari ukurasa uliupa namba wenyewe. Nikafuta haraka, kumbe mtandao ulishakatika. Kwangu maneno yalitoweka. Kwa Bura kule Maretadu yalibaki, na mtihani ukachapwa huko hivyohivyo.

Siku ya mtihani, mkuu akaja kusimamia na mimi. Nusu saa haijapita, binti wa mbele akanyoosha mkono.

"Madam, swali la sita linasema shikamoo. Nimeandika 'kweli', ila sina uhakika."

Nikaichukua karatasi yake, macho yakateremka hadi la nane. Nikageuka kutangaza maswali hayo yafutwe. Mkuu alikuwa tayari anapita kati ya madawati, mikono nyuma, akichungulia karatasi moja baada ya nyingine hadi ukutani.

"Madam," akasema taratibu, "la nane darasa zima wameandika kweli. Wamepata?"