Mkaa wa Vifuu na Maji ya Batiki

Mimi na kusubiri hatupatani. Siku ile nilikuwa nahangaika uani kwangu Visiga kama kuku anayetaka kutaga, nainamia ndoo, nainuka, nainama tena. Natengeneza batiki, na maji ya kusuuzia vitambaa yalikuwa yakitiririka zambarau mpaka kwenye mfereji wa mtaa. Bwana afya alikuwa ameahidi kuja jioni. Akiyakuta bado machafu, anaifunga karakana, na sina pengine pa kupatia ugali.

Tegemeo langu lilikuwa mkaa. Mama alinikusanyia vifuu vya nazi kwao Maneromango, akavileta mwenyewe. Tulivichoma kwenye pipa lililozibwa, tukavitwanga, tukaviloweka dawa na kuvichoma tena, ili mkaa uwe na vitundu visivyoonekana, vya kunasa rangi. Pipa la kwanza nililifunua mapema kwa kiherehere changu, hewa ikaingia, nikapata majivu matupu. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe hata tumboni hukumaliza miezi yako," alisema.

Alasiri hiyo maji yaliyopita kwenye mkaa yakaanza kudondoka meupe. Mama akayanusa, akayainua kwenye mwanga.

"Kumbe vifuu vyetu vina kazi, mwanangu."

Nilifurahi mno, kwa kuwa tangu niache kazi ya ofisini alikuwa hajanisifia kitu. Nikaingia ndani kutafuta chupa ya kumwonyesha bwana afya. Niliporudi, adhana ilikuwa imeshalia, na mama amechuchumaa, mikono ya gauni ameikunja, anachota yale maji atawadhe. Nikamshika mkono.

"Mama, hayo hapana."

"Si yameshakuwa safi?"

"Rangi imetoka. Kostiki sijui."

Kostiki ndiyo dawa inayosaidia rangi kushika kitambaani, na ndiyo inayonichubua vidole. Mkaa ule niliutengeneza kwa ajili ya rangi. Hiyo nyingine sikuwa nimeipima, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanatazama rangi tu. Mama hakucheka. Nilimletea maji ya bomba, akatawadha, akaenda kuswali.

Bwana afya alimkuta ameshamaliza, amekaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Bwana afya akaiinua chupa niliyoijaza yale maji, akaigeuza huku na huku, akatabasamu.

"Hongera, dada. Haya hata wale wa mchicha kule bondeni watamwagilia. Endelea na kazi."

Asante ilikuwa imeshanifika mdomoni. Nilitaka aondoke upesi, kabla moyo wangu haujanigeuka. Mama alikuwa anashusha mikono ya gauni lake, wala hakunitazama. Niliogopa, na hasira zikanipanda, sijui za nani.

"Bado," nikamwambia bwana afya. "Mama yangu nimemkataza kuyagusa."