Mwisho wa Tuta

Miaka ya tisini, dada yangu alikuwa akiugua koo mara kwa mara, kisha magoti yanamvimba, nasi tunampa chai ya tangawizi tu. Wakati wa kuchuma pamba, shambani kwetu karibu na Songwa, alikuwa akihema kabla ya kumaliza tuta moja. Shangazi zetu walimwita mvivu. Hilo linaniudhi hadi leo. Daktari wa Shinyanga mjini alimweleza mama kwamba maradhi yale ya koo ndiyo yaliyovimbisha magoti, na sasa yameufikia moyo. Dada akaanzishiwa sindano za kila mwezi. Mama, ambaye sikuwahi kumwona akipumzika shambani, akawa anaketi mwisho wa kila tuta na kumwita, "Njoo tukae, mwanangu. Mimi nimechoka."