Karani Gideoni na Amri ya Kukataza Utani

Gideoni wa Mlali alikuwa karani wa kuandika vibarua kwenye machimbo ya ulanga, yale madini yang'aayo kama kioo, karibu na Kibakwe. Kampuni ilikuwa ya Wazungu wa nchi tatu, mafundi Wahindi, na shimoni waliingia Wagogo, Wahehe na Wanyamwezi. Vurugu zote zilimwishia yeye. Fundi akimwita kibarua mbwa, Gideoni hutafsiri kwamba anaombwa aongeze mwendo. Kibarua akirudisha tusi, fundi huambiwa kwamba kibarua amesikia. Kwa uongo huo mdogo mdogo aliwaweka watu pamoja miaka kumi na mmoja, na ahsante hakuambulia.

Mwaka 1949 akaletwa meneja mpya wa wafanyakazi. Vibarua walimwita Bwana Amani, kwa kuwa hakuwa na wimbo mwingine. Siku moja akamwona Mgogo na Mnyamwezi kisimani wakitukanana, mbavu hawana kwa kicheko. Akaulizia maneno yao, akashtuka, akabandika amri: atakayemtukana mtu wa kabila lingine, kazi hana.

"Bwana, hawa ni watani," Gideoni alimweleza. "Kutukanana kwao ndiko kuheshimiana."

Bwana Amani akaliandika jambo hilo kwenye daftari lake, akashukuru sana. Amri ikabaki ukutani. Aliandika nini humo, Mungu ndiye ajuaye, maana kujifunza hakujifunza.

Kisha shimo likaporomoka, likamuua Matonya, Mgogo. Kampuni ikatoa mbao za sanduku na ruhusa ya saa mbili! Mazikoni, Bashiri, Mnyamwezi aliyekula na marehemu chungu kimoja, akaruka ndani ya kaburi akalala chali.

"Mvivu huyu hazikwi!" akapiga kelele. "Amekufa makusudi asimalize zamu! Nileteeni kuku, ndipo nitoke!"

Wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Anyesi, mjane, ambaye tangu jana hakutia kitu kinywani, naye akacheka, akaagiza kuku aletwe. Pembeni alisimama Bwana Amani, kofia mkononi, uso umemwiva. Yeye aliona mhuni anamdhihaki maiti.

Kesho yake Bashiri akafukuzwa. Gideoni akaamriwa aandike kwenye kipande chake, ile kadi ya kazi ambayo kila tajiri huisoma kwanza: "Alitukana maiti." Nani angemwajiri tena mtu wa namna hiyo? Gideoni alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

Anyesi akaingia ofisini bila hodi, Bwana Amani akiwa bado amemsimamia karani.

"Karani, mtani wangu mmemfukuza kwa lipi? Mwulize bwana wako: mume wangu amefia kwenye shimo lake, yeye alileta nini kaburini? Kofia? Bashiri ndiye aliyenirudishia pumzi. Matanga yangu sasa nani atakuja kunichekesha siku ya kuyaanua?"

Gideoni akatafsiri yote, neno kwa neno, hata kofia. Bwana Amani akashusha pumzi, akajibu kwa upole wake ule ule: mama huyu aelezwe kwamba amri inalinda heshima ya kabila lake.

Upole ule ndio uliomchoma Gideoni kuliko matusi ya mafundi wote.

"Mwambie mwenyewe, Bwana."

Mwaka mzima Bwana Amani alikuwa akihubiri maelewano, na Kiswahili chake hakikuvuka kuagiza chai na kuharakisha watu. Anyesi akamngoja, mikono kifuani. Bwana akatafuta, akatafuta, mwishowe akapata neno moja.

"Toka!"

Gideoni akainama mezani, akaandika kwenye kipande: "Hodari wa kazi. Tabia njema." Akagonga muhuri, akatoka na Anyesi, akamkabidhi Bashiri aliyekuwa akingoja kizingitini.

Bashiri alipata kazi Mpwapwa kabla ya mwezi kuisha. Gideoni alirudi Mlali kulima mtama. Kwa miaka yake kumi na mmoja, hakuna aliyemwandikia kipandeni hata mstari mmoja.