Nilivyolizika Pipa la Divai ya Misa

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa mkasi na kuambiwa niharibu shamba. Mimi ndivyo nilivyoelewa. Padri Ekonomi, yaani padri aliyeshika mali ya parokia yetu huku juu Nyakiriba, alinisimamisha mbele ya mistari kumi na miwili ya mizabibu, majani mabichi yanang'aa kwa umande, akasema:

"Toa majani yote. Kisha kata matawi. Kila tawi uiachie macho mbili tu."

"Yote, mon père?"

"Yote. Ikibaki jani moja, we utaikula."

Nilijua padri amechanganyikiwa. Lakini nilikuwa kijana, tumerudi juzijuzi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, baba hana ng'ombe tena, na kazi niliyoiacha ilikuwa kusukuma chukudu kule Goma, ule mkokoteni wa mbao unaokuvunja mgongo kabla hujaoa. Darasa nililosoma ni la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Basi nikang'oa majani. Jioni shamba lilionekana kama limepitiwa na nzige, na kwenye kila tawi nililokata kulikuwa na tone la maji.

"Mon père, inalia."

"Wacha ilie. Inaamuka."

Vijana mnaonisoma, hilo ndilo somo la kwanza la zabibu za huku kwetu. Kule zilikotoka, baridi kali huja kila mwaka ikaulaza mzabibu. Hapa Rubavu baridi ya namna hiyo haipo. Ukiuacha, unatoa majani mwaka mzima kama mtu anayeongea bila kuvuta pumzi, na tunda hupati. Kwa hiyo mfanyakazi ndiye anayeulaza na ndiye anayeuamsha. Unaunyima samadi, unauvua majani, unaupogoa. Kila kikonyo kilichobaki kina macho mawili, yaani vile vivimbe vidogo ambamo tawi jipya hutokea. Sisi tulipogoa Machi, ili vichala viive Julai, kiangazi, mvua isiviozeshe.

Nasema bila haya: msimu wa tatu hapakuwa na mtu aliyenishinda kwa mkasi. Niliona jicho la kuacha na jicho la kukata kama wewe unavyomwona mama yako sokoni katikati ya watu. Padri Ekonomi, mtu wa Bukavu aliyesoma Ulaya na kuvuna zabibu huko kila likizo, alikuwa akinifuata nyuma ili asahihishe. Baadaye akaacha kusahihisha. Baadaye akaacha kunifuata.

Adui yetu alikuwa ukungu, ule unga mweupe unaokaa chini ya jani wakati wa mvua na kulikausha. Dawa yake ni mrututu, yale mawe ya buluu, unayayeyusha katika maji na kuchanganya na chokaa, unapuliza kwa pampu ya mgongoni. Mwaka nilipooa mikono yangu ilikuwa buluu mpaka viwiko. Mama mkwe alimvuta baba yangu pembeni, akauliza kama ni ugonjwa wa ukoo.

Sasa nifike kwenye pipa.

Padri Ekonomi alikuwa na mkubwa wake, Paroko, mtu mwema lakini mtu wa viazi. Kila akipita shambani alisimama, mikono nyuma, akatazama ule udongo mweusi wa volkano na kuhema kama anayemwona mtoto wake kwenye nyumba ya jirani.

"Watu ya Mungu banakula viazi," alisema. "Nani anakula divai?"

"Misa inaikula," Padri Ekonomi alijibu.

"Misa inakula kikombe moja kwa siku. Hapa mi naona gunia mia."

Mwisho wakapatana. Kanisa jipya lilikuwa linajengwa, na Askofu angekuja kulibariki kabla ya Noeli. Padri Ekonomi alikuwa amemwahidi kwamba misa hiyo ya kwanza itasomwa kwa divai ya kilima chetu. Ikipatikana, mizabibu inabaki. Isipopatikana, inang'olewa yote na Januari tunapanda viazi. Paroko alinigeukia mimi, si padri, akasema, "Na we utarudia chukudu yako."

Julai tukavuna. Tulijaza mapipa mawili, kila moja la lita mia mbili. Tulikanyaga kwa miguu iliyosuguliwa kwa brashi na maji ya moto, na hapo niliwashinda wote, maana mimi nilizaliwa katika kukamua ndizi. Maji ya zabibu nyekundu tuliyaacha pamoja na maganda, kwa sababu rangi hukaa kwenye ganda. Halafu unangoja. Chachu iliyo kwenye ganda lenyewe inakula sukari na kutoa kileo, maji yanachemka bila moto, maganda yanapanda juu kama kofia. Mara mbili kwa siku unaizamisha hiyo kofia kwa mti.

Kujua kama inaendelea, padri alikuwa na kipimo cha kioo, kama kalamu nene, kinachoelea. Sukari ikiwa nyingi kinasimama juu. Ikiliwa kinazama. Namba zake sikuzijua, lakini nilipaka wino mwekundu pale kilipofikia kila asubuhi. Siku ya kwanza kilizama kidogo. Siku ya pili kidogo zaidi. Siku ya tatu hakikuzama tena. Ya nne pale pale. Ya tano pale pale. Nikiweka sikio kwenye pipa, nasikia kimya cha kisima. Padri Ekonomi alifungua vitabu vyake viwili vya Kifaransa, akafunga, akafungua.

Jumamosi nikashuka kwa mama yangu. Mama alikuwa anajulikana kata nzima kwa pombe ya ndizi. Harusi isiyo na urwagwa wake watu waliiondokea mapema. Nilimkuta anapepeta maharage.

"Mama, imekataa kuchemka."

"Umetia mtama?"

"Hapana."

"Sasa itachemka na nini? Na rozari?"

Akaingia ndani, akatoka na kifuko cha unga wa mtama uliokaangwa. Niliona kama nimepewa ufunguo wa mbinguni. Jumapili, wote wako misani, nikamimina nusu ya kifuko katika pipa la kwanza, nikakoroga. Pipa la pili nilitaka kulitia kesho yake, nikishaona.

Jumatatu nilisikia kabla sijafungua mlango. Pipa la kwanza lilikuwa linanguruma. Kofia imepanda, povu la waridi linashuka ubavuni mpaka sakafuni. Nilikimbia kumwita padri, na njiani nilikuwa nimeshajichagulia nyongeza ya mshahara.

Alikuja, akanusa. Akachovya kikombe, akaonja, akaizungusha ile divai mdomoni muda mrefu kuliko kawaida.

"Umetia nini humu?"

"Mtama, mon père."

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sikiliza, mwana wangu. Divai ya misa ni zabibu, na zabibu, na tena zabibu. Mtu mwingine haiingie. Hata Askofu mwenyewe hana ruhusa ya kutia mtama. Hii pipa, kwa altare, imekufa."

"Lakini inachemka."

"Inachemka muzuri sana. Ni pombe."

Nilitamani ardhi ya volkano ifunguke kidogo tu, pa kumtosha mtu mmoja. Padri akaonyesha pipa la pili, lililonyamaza vile vile. "Imebaki ile. Ikikataa, we unajua."

Sikusubiri Jumamosi. Jioni ile ile nilishuka kwa mama nikamwambia amenifukuzisha kazi. Mama hakuacha hata kumenya viazi.

"Mimi niliuliza swali moja, wewe ukajibu moja ukakimbia," alisema. "Hukuniambia ni mtu wa namna gani huyo zabibu. Hayo mapipa yako wapi?"

"Kwenye ghala, nyuma ya kanisa."

"Kwenye sakafu ya mawe? Na upepo wa mlima Karisimbi unapita chini ya mlango?" Akanitazama kama ananihurumia. "Ndizi zangu wewe uliwahi kuona naziivisha nje, zinatetemeka?"

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka, na darasa la tatu halikunizuia. Ndizi za pombe tunazizika. Unachimba shimo, unawasha moto ndani mpaka udongo unyonye joto, unatoa makaa yote na majivu, unatandika majani makavu ya mgomba, unalaza ndizi, unafunika. Joto la udongo ni la polepole, halina haraka. Chachu ya zabibu haikufa; ilikuwa inasikia baridi tu, kama sisi wote.

Asubuhi nikamwambia padri nataka kulizika pipa lake.

"Kwa kitabu hii haiko," alisema.

"Na kwa kitabu baridi ya Nyakiriba iko?"

Alifikiri. Akavua kanzu, akachukua jembe. Tulichimba nyuma ya ghala, mimi na padri na Bosco, fundi mwashi wa kanisa jipya, aliyekuwa anatucheka muda wote. "Mon père, munazika nani?" "Tunazika mashaka ya Paroko," padri akajibu. Moto wa mikaratusi ulikaa tangu asubuhi hadi saa tisa. Nilifagia makaa mpaka la mwisho, kwa sababu moshi ukiingia kwenye divai hautoki. Padri alitaka kutumia kipimajoto. Mimi niliweka kiwiko kwenye udongo, kama mama anavyopima maji ya mtoto, nikasema ngojeni kidogo. Kisha nikasema sasa. Padri akasoma kipimajoto chake, akanitazama, akakiweka mfukoni.

Tuliteremsha pipa kwa kamba, tukalivisha majani ya mgomba na mablanketi mawili, mojawapo la padri mwenyewe. Mdomo tuliuacha wazi, tumeufunika kwa kitambaa tu, divai ipumue.

Siku ya kwanza kipimo kilisimama pale pale. Paroko alikuja akazunguka shimo mara moja. "Hapa panatosha miche ine ya viazi," alisema, akaenda.

Siku ya pili nilipiga magoti, nikaweka sikio. Sauti ilikuwa ndogo, kama mvua ya mbali juu ya bati. Nikatumbukiza kipimo. Kilizama kupita alama yangu nyekundu, upana wa ukucha. Nilimwita padri. Alipiga magoti upande wa pili, tukakaa hivyo, vichwa viwili juu ya shimo moja, tunasikiliza. Mke wangu alipita na chakula akadhani tunasali. Nadhani mmoja wetu alikuwa anasali.

Yaliyofuata ni kazi ya subira. Tulikamua maganda, tukaacha divai itulie, tukaihamisha kutoka pipa hadi pipa ili kuacha mashapo, ule uchafu unaolala chini. Desemba ilikuwa nyekundu na safi, unaona kidole chako upande wa pili wa glasi. Askofu alikuja, kanisa likabarikiwa, na nilisimama mstari wa mbele na viatu vya kuazima nikitazama kikombe kimoja tu. Baada ya misa Askofu aliuliza divai hii imetoka nchi gani. Kabla Padri Ekonomi hajafungua mdomo, Paroko akajibu, "Ni ya kwetu, Monseigneur. Tuliizika wenyewe." Tuliizika wenyewe. Bosco alinifinya mbavu mpaka nikakohoa kanisani. Viazi vilipandwa bondeni, na vikastawi.

Na pipa la mtama? Waashi walilimaliza siku ya kuezeka. Mpaka leo Bosco anadai ukuta wa kusini umesimama sawa kwa sababu ya lile pipa, na mnara umepinda kwa sababu hiyo hiyo.

Baada ya hapo jina langu lilitembea bila mimi. Masista wa Bugeshi, juu kuliko kwetu, waliniita niwapandie mizabibu. Mama Mkuu wao hakupenda kusikia neno hapana. Nilimwambia huku juu ni ufalme wa viazi na kondoo, hakuamini, tukapanda, ikatoa vichala vichungu kama kwinini. Akaniambia, "Donc ulikuwa na haki," yaani nilisema kweli, na ni sentensi hiyo ninayoipenda kuliko mshahara alionilipa. Kisha Meneja wa hoteli moja kule Rubona, kando ya ziwa, aliniweka mkuu wa bustani. Pale chini ni joto zaidi, sikuzika pipa hata moja. Wageni walishuka kutoka magari makubwa nikawafundisha kuonja, mimi mtu wa darasa la tatu, nao wakaandika kwenye daftari.

Mwaka jana magoti yalikataa mteremko, nikaacha kazi kabla nywele hazijaisha weusi. Aliyechukua nafasi yangu ni binti mhandisi wa kilimo, ana mashine inayosoma sukari kwa tone moja. Ni mzuri. Nilimwambia hivyo, na mimi sisifu watu hovyo. Mwezi wa kwanza umeme ulikatika siku tatu, mashine ya kupoza mapipa ikazima, akanipigia simu. Nilimwuliza kama ana jembe.

Sasa nina mistari minne yangu, kwenye shamba la marehemu mama. Pipa moja kwa mwaka, na hilo silipeleki altareni, kwa sababu kila Julai naliwekea nusu ya kifuko cha unga, kutoka jiwe lile lile alilosagia mama.

Mwezi uliopita Padri Ekonomi alikuja kunisalimu. Amestaafu naye, anatembea na fimbo, macho hayaoni mbali. Nilimkalisha kivulini, nikamjazia kikombe bila kumwambia kitu. Akanusa. Akaonja, akaizungusha ile divai mdomoni, vile vile.

"Umetia nini humu?"

"Mtama, mon père."

Akamaliza kikombe chote, akakinyoosha kwangu.

"Ongeza."