Mkutano Tulioufanyia Kwenye Matope ya Mchepuko

Sogea karibu unisikilize, hasa wewe uliyeajiriwa juzi ukapewa kazi ya kuitisha mikutano ya wananchi. Nataka nikusimulie jinsi tulivyokuwa tunafunga barabara. Najua unacheka. Kufunga barabara kuna nini cha kusimulia? Unasimika nguzo mbili, unalaza gogo juu yake, unabandika tangazo, basi. Hata mimi nilidhani hivyo asubuhi niliposhuka Kyela na sanduku langu la bati kuanza kazi.

Nilikuwa bibi maendeleo. Ndivyo wananchi walivyotuita sisi maafisa maendeleo ya jamii tuliokuwa wanawake, na jina hilo nalipenda hadi leo. Nilitegemea kupelekwa kwenye vikundi vya akina mama, bustani za mboga na majiko ya udongo. Kumbe Mkurugenzi wa Halmashauri alikuwa ameshanipangia Idara ya Ujenzi. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Sabuni na sukari zilirudi madukani, na mtu aliyeitwa mlanguzi jana, leo akaitwa mfanyabiashara na kupewa kiti. Wafadhili wa barabara nao walikuja na neno jipya, “ushirikishwaji”, maana yake wananchi waulizwe kabla kazi haijaanza. Idara ya Ujenzi haikuwa na mtu wa kuuliza. Nikawa mimi.

Mhandisi wa Wilaya alinipokea amesimama. Kwao ni Dodoma, na ukumbuke hilo, maana litakuja kuwa na kazi mbele ya safari. Shati lake lilikuwa jeupe, soksi zake amezivuta mpaka karibu na magoti.

“Bibi Maendeleo, kalavati unalijua?”

“Ni bomba la zege la kupitishia maji chini ya barabara, mzee.”

“Vizuri. Basi kazi yako ni kwenda kuwaambia wananchi wapi tutafunga.”

“Kuwaambia au kuwauliza?”

Akafikiri kidogo. “Kuwaambia kwa namna ya kuwauliza.”

Tulicheka wote wawili. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alipenda barabara kama wafugaji wanavyopenda ng'ombe, na alijua kila moja ilipougulia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa barabara ya Itungi, kule bandarini. Msimamizi wa kambi, mzee wa Kikisi, kabila la kando ya ziwa, mwenye sauti ya kuvuka maji, alinifundisha kwamba barabara ya udongo lazima iwe na mgongo: katikati pawe juu, pembeni pateremke, kama mtumbwi uliofunikwa ufukweni. “Maji yakikosa pa kwenda,” aliniambia, “yanakaa. Yakikaa, yanachimba. Lori linakuja baadaye, linalaumiwa bure.” Toka siku hiyo sijawahi kupita barabara bila kuiangalia mgongo.

Baadaye nikahamishiwa Katumba Songwe, na huko nikajua kizuizi ni nini hasa. Tulifunga njia ya mashambani, tukaweka gogo zuri, nene. Tuliporudi hapakuwa na gogo. Nikauliza nyumba ya jirani. Mama mwenye nyumba akanikaribisha vizuri, akaniletea kiti, akasema, “Mlitusaidia sana. Maharage yaliiva upesi.” Sikukasirika. Nilijiuliza tu, kama wangekuwa wameulizwa kweli, je, wangelipika lile gogo?

Jibu nililipata Bujonde, na ndiyo sababu ya kukuita hapa.

Barabara ya upande ule ilikatiza kijito juu ya daraja la mbao lililokwisha kuoza. Mpango ulikuwa kuling'oa na kuweka makalavati makubwa. Kazi ianze mwezi wa tano, mvua kubwa ikianza kuisha, na barabara ifungwe mpaka kazi imalizike. Magari yatumie mchepuko, yaani njia ya muda ya kuzungukia mahali pa kazi. Tulikwenda kuukagua mwezi wa kumi. Bonde lilikuwa limekauka, udongo mweusi umepasuka pasuka, mgumu kama sakafu. Mhandisi alipiga kisigino chini mara kadhaa. “Hapa hata greda linaweza kucheza ngoma,” akasema kwa furaha. Kwao Dodoma, nchi ya ukame, ardhi ikikauka hivyo unajua umepata uwanja.

Tukaita mkutano katika darasa la shule. Mhandisi akatundika mchoro ubaoni.

“Ndugu wananchi, tumekuja kupata maoni yenu. Tuna michepuko miwili. Huu ni A, huu ni B. Chagueni.”

Mzee Ambakisye, aliyekuwa na shamba karibu na daraja, akanyanyuka taratibu. “Bwana Mhandisi, mugonile.”

“Ndaga, tata,” Mhandisi akajibu. Salamu alikuwa ameshajifunza.

“Hizo njia zako mbili, zote nalima mpunga.”

Darasa likacheka.

“Lakini sasa ni pakavu, mzee wangu.”

“Sasa hata mimi sina njaa. Nimetoka kula.”

Wakati watu bado wanapigana mabega kwa kicheko, akasimama Mama Subilaga, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mpunga. Huyu nikueleze vizuri, maana jambo lote lilikuwa limemlalia yeye. Miaka yote wanawake wa pale walibeba mpunga kichwani na kwenye baiskeli mpaka mjini. Wakifika wamechoka, wanapokea bei yoyote wanayotajiwa, kwa sababu hakuna anayeweza kuurudisha mzigo nyumbani. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, Mama Subilaga alikuwa amekubaliana na Bwana Mbaraka, mfanyabiashara wa mjini mwenye mashine ya kukoboa, kwamba lori lije lenyewe mpaka kwao, mpunga upimwe mbele ya macho yao. Lori lisipofika, Bwana Mbaraka atalipeleka kwingine, na wao watarudi kuweka kata kichwani.

“Je, tunaruhusiwa kuchagua C?” akauliza.

“C haimo kwenye mchoro, mama.”

“Basi mmetuita tuje kuwachagulia rangi ya gauni ambalo mmekwisha kulishona.”

Hakukuwa na kicheko tena. Muhtasari wa kikao ulipoandikwa ofisini, ulisema wananchi wameshirikishwa kikamilifu.

Mkutano wa pili walikuja wachache. Wa tatu alikuja mwenyekiti wa kijiji na mbuzi waliokuwa wanapita. Kwenye ubao wa matangazo, chini ya tangazo letu, mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: TUMESHAULIZWA. NDAGA FIJO. Yaani asanteni sana.

“Watu wako hawataki maendeleo,” Mhandisi aliniambia, na niliona ameumia kweli.

Nikamfuata Mama Subilaga. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Nilimkuta shambani anapalilia, maji yamemfika juu ya kifundo cha mguu. Hakuacha kupalilia.

“Mama, mbona hamji mkutanoni?”

“Mkutano wenyewe mnauitia wapi? Darasani. Darasani kuna sakafu, Bibi Maendeleo. Mwambie bosi wako aje auitie kwenye mchepuko wake. Tutakuja wote, na vitenge vipya.”

“Lini?”

Hapo ndipo akanyoosha mgongo, akatabasamu. “Mwezi wa nne. Aje na gari.”

Nilirudi ofisini. Nilimfikishia Mhandisi maneno yale jinsi yalivyo, sikuyapaka sukari. Akayasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka mpaka akavua miwani. “Wanadhani naogopa tope! Andika tangazo.” Mkurugenzi alipopelekewa akaongeza kwa mkono wake kwamba mwenyekiti wa kijiji aandae mahali pa kusimama.

Laiti ungekuwepo! Usiku mvua ilikuwa imemwagika, asubuhi jua likatoka kali, bonde zima linang'aa. Watu walijaa kwenye tuta la barabara kana kwamba kuna harusi. Bwana Mbaraka naye alikuja, akaegesha lori lake pagumu. Nikamuuliza kama hatajaribu kulipitisha mchepukoni.

“Nilitie humo? Wallahi, hili lori bado nalipenda.”

Mhandisi alikuja na Landrova ya idara. Akaiangalia ile njia yake A, ambayo sasa ilikuwa kama ziwa lenye nyasi. Akamwambia dereva ashuke, akashika usukani mwenyewe. Gari likateremka, likaenda, likaenda kidogo tena, akina mama wakaanza kusema “Eee! Eee!” kwa mshangao, halafu likainamisha pua na kukaa chini kwa tumbo kama nyati aliyechoka.

Mlango ukafunguliwa kwa shida. Mhandisi akashuka. Mguu wa kwanza ulizama na kutoka bila kiatu, soksi yake ndefu inaning'inia matope. Hakuna aliyethubutu kucheka. Nakuambia nilisikia vyura. Akatutazama wote, akainua mkono.

“Mkutano umefunguliwa,” akasema. “C iko wapi?”

Bonde lililipuka! Vigelegele, miluzi, watu wanakumbatiana, Mzee Ambakisye anapiga fimbo yake majini kama mtoto. Wanaume wakarukia topeni, wakafunga kamba gari, na Mhandisi akavuta pamoja nao huku mguu mmoja uko peku. Lilipotoka hatukurudi darasani. Tulikwenda wote mpaka darajani tukiwa tunachuruzika.

“Hapa,” Mama Subilaga akasema, akisimama katikati. “Tuta hili ni pana. Kwa nini lazima mng'oe daraja lote kwa pamoja?”

Mhandisi akatembea kutoka ukingo mpaka ukingo, akarudi, akachuchumaa kuangalia chini ya mbao. Kisha akatueleza, na nilifurahi kuona anaeleza kama mwalimu, bila haraka. Inawezekana kujenga nusu nusu. Unaweka makalavati upande mmoja, magari yanapita upande wa pili juu ya mbao zilizotiwa nguzo; upande wa kwanza ukishakauka, unahamisha magari huko na kujenga wa pili. Lakini ina masharti. Kazi itachukua muda mrefu zaidi. Zege likimwagwa lazima lipumzike bila kutikiswa, kwa hiyo ziko siku ambazo hapatapita kitu. Na lipite gari moja moja tu, lisimamiwe tangu asubuhi hadi jioni.

“Siku za kupumzisha zege mtatuambia?” akauliza Mzee Ambakisye.

“Mtazipanga ninyi. Mimi nitasema zege linataka nini, ninyi mtasema siku gani hamna mzigo.”

“Na wa kusimamia magari? Halmashauri ina watu?”

“Hapo ndipo nimekwama, tata. Kuliko kule kwenye tope.”

Mikono ilinyanyuka kabla hajamaliza kucheka. Kikundi cha akina mama kilichukua kizuizi. Bendera hatukuwa nazo, wakatengeneza zao: kitambaa chekundu cha kusimamisha, jani la mgomba la kuruhusu. Gogo la Bujonde halikupikiwa maharage na mtu.

Kazi ikaanza, na mpunga ukaanza kuvunwa. Nusu ya kwanza ilipokauka ikafika siku ya lori. Bwana Mbaraka alikuwa ameingia nalo tupu kwa kupitia mbao. Sasa lilikuwa limejaa magunia, na kwa uzito ule ilibidi lipite juu ya zege jipya, ambalo halijawahi kubeba kitu. Lingepasuka, barabara ingefungwa mpaka msimu uishe. Mhandisi alishuka kijitoni, akasimama majini kando ya kalavati, sikio karibu na zege. Mama Subilaga alikuwa kwenye kizuizi, jani mkono huu, kitambaa mkono huu.

Lori linakaribia tu, upande wa pili ikatokea gari ya Mkurugenzi, ina haraka, inapiga honi. Mtendaji wa Kata akamkimbilia Mama Subilaga. “Mama, ni Mkurugenzi! Mpitishe!”

Mama Subilaga akainua kitambaa chekundu juu ya kichwa, akamwonyesha Mkurugenzi.

“Asubiri kidogo. Mpunga kwanza.”

Kisha akapunga jani la mgomba.

Lori liliingia juu ya zege polepole mno. Nilikuwa nimeshika bega la Mzee Ambakisye na sijui nilianza kulishika saa ngapi. Magurudumu ya mbele yakavuka. Ya nyuma yakapanda, na magunia yakatikisika. Kutoka chini ikasikika sauti ya Mhandisi, “Njoo! Njoo! Hakuna ufa! Njoo!” Na lori likavuka, Bwana Mbaraka akitoa kichwa dirishani na kupiga honi mfululizo, akina mama wakilikimbilia kwa vigelegele wakilipigapiga ubavuni. Mkurugenzi alikuwa ameshuka garini, anapiga makofi. Hata dereva wake aliacha honi.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya wahandisi wengine na wakurugenzi wengine, mpaka nikastaafu. Barabara nilizosaidia kuzifunga ni nyingi, na kila mahali niliwakuta watu wamechoka kuulizwa. Sikuona watu wasiotaka maendeleo. Niliona watu walioletewa A na B na mtu ambaye hajawahi kupita hapo na mzigo kichwani. Walipoulizwa wakiwa wamesimama mahali penyewe, na mwulizaji naye yumo kwenye tope, walileta C, na wakaishikia kizuizi. Wewe nawe unaweza. Haihitaji cheo.

Kwa hiyo ukipewa barabara ya kufunga, usianze na tangazo. Ngoja mvua inyeshe, vua viatu, uutembee mchepuko wako mwanzo hadi mwisho pamoja na wanaoishi hapo. Mkifika upande wa pili, hapo hapo mlipo, fungua mkutano.