Nilichezesha mechi ya shemeji yangu bila kusema, na nikajiona niko fair

Sasa wakuu. Wenye mnafuata mpira wa mtaani, kaeni hapa kidogo. Hii story ni yangu na sijaipamba, juu hata mimi sitoki vizuri ndani yake.

Mimi ni refa. Mwanamke, ndio, nakaa Kamenu hapa Thika. Wiki nzima nauza vitambaa dukani, weekend niko uwanjani na filimbi.

Nimetukanwa na makocha, na mafans, kuna mama hata alinifuata na mwavuli. Lakini hakuna mtu alikuwa amewahi kusema Wambui anapendelea. Hilo jina nililishika na mikono yote miwili.

Sasa, dadangu mdogo Ciru ameolewa Ruiru na jamaa anaitwa Wekesa. Mtu wa Bungoma, mpole, fundi wa stima kwa kiwanda. Jioni anafunza timu ya mtaa wao.

Season iliyopita timu yake ilifika mechi ya mwisho ikihitaji kushinda tu ndio ipande ligi. Draw haiwasaidii. Wapinzani ni timu ya Juja.

Jumatano, Mwalimu Njoroge, mzee mwenye hupanga marefa, akanipigia.

"Wambui, Jumamosi uko na Ruiru na Juja. Uko sawa na hiyo?"

Hapo ndio ningesema. Sentensi moja tu: kocha wa Ruiru ni shemeji yangu. Angenibadilisha na mambo yaishe, hakuna mtu angeniita mwizi. Lakini mimi nilikuwa najijua.

"Niko sawa, Mwalimu."

Ijumaa Ciru akapiga. "Umewaambia sisi ni watu wako?"

Nikamwambia asiwe na shaka, sitapendelea mtu.

"Sijakuuliza hivyo," akasema. Sikumsikia.

Mechi ikaanza. Faulo ndogo ya Ruiru, kadi ya njano. Mwingine akalalamika kidogo, kadi. Kufika halftime Ruiru wako na kadi tatu, Juja hawana hata moja. Na wakuu, nilikuwa najisikia vizuri! Nilijiona refa wa maana kabisa.

Otieno, linesman wangu, akanisongea tukinywa maji. "Madam, leo mbona uko mkali upande mmoja?"

Nikadhani ananitania.

Dakika za mwisho, bado sufuri sufuri. Striker wa Ruiru akampita defender, akaingia box, akakatwa mguu. Nilikuwa hatua kama kumi hivi. Hakuna mtu alikuwa amenizuia kuona.

Filimbi iko mdomoni. Na chenye kilikuja kichwani si mpira. Ni watu wakisema kesho, "Si huyo refa ni dada ya bibi ya kocha?"

Nikapunga mkono. Mchezo uendelee.

Ikaisha hivyo hivyo. Vijana wa Ruiru wakakaa chini kwa nyasi, mmoja akajifunika uso na jezi. Wekesa akanijia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akanipa mkono.

"Asante, refa." Si shem. Refa. Akaenda.

Kesho yake nikatoka kanisa nikaenda kwao Ruiru. Ciru alifungua mlango, akarudi jikoni bila kunisalimia. Wekesa akanipea kiti na chai. Nikaanza kueleza vile jua lilikuwa, vile defender alikuwa amenifunika. Akanikatiza polepole.

"Shem, uliona ama hukuona?"

Nikaangalia kikombe. "Niliona."

"Mimi sikutaka unisaidie. Nilitaka tu refa. Juja walikuwa na refa. Sisi tulikuwa na shemeji anaogopa kusemwa."

Aki hiyo ilinimaliza. Sikuimaliza hata chai.

Jumatatu nikafunga duka nikaenda kwa Mwalimu Njoroge, nikamwambia yote. Akatoa miwani. "Wambui, na si nilikuuliza?"

Nikasimamishwa hadi katikati ya season hii, na nilistahili. Matokeo hayakubadilishwa, Ruiru bado wako chini. Niliandikia timu zote mbili barua nikataja kosa langu kwa jina langu. Ciru alikaa wiki nyingi kabla ashike simu zangu.

Nimerudi uwanjani sasa. Nikipangiwa mechi nataja kila kitu: undugu, landlord, hata fundi wangu wa viatu mwenye ni keeper. Mwalimu analalamika nimezidi. Wacha nizidi.

Wakuu, nilikuwa nadhani conflict of interest ni kubeba watu wako. Kumbe kuwakandamiza ndio uonekane msafi ni ile ile. Bado najiamini, hiyo haijaisha. Lakini kuamua kama naweza kuwa fair kwa watu wangu si kazi yangu. Yangu ni kusema mapema, mwingine aamue.

Wewe refa, mwalimu, ama bosi wa ofisi, umewahi kumbana mtu wako juu ya kuogopa maneno? Weka hapa chini, hata ukitaka kunitukana uko huru.

Na vijana wa Ruiru, kama kuna mmoja wenu humu: ilikuwa penalti.